Boksi la vipande 60 lililokuja na 59

Juu ya boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba vipande hivi "hukuza fikra tunduizi" kwa watoto kuanzia miaka 3. Maneno hayo nimeyachoka. Siku hizi hata kikayamba cha mtoto mchanga kinauzwa kwa ahadi hiyohiyo. Nilichopenda ni kwamba hakuna betri, hakuna wimbo, wala hakuna sauti ya kumpigia mtoto makofi akipatia.

Ndani kuna maumbo matano ya plastiki: duara, pembetatu, mraba, mstatili na pembesita. Yapo ya rangi nyekundu, buluu na njano, makubwa kwa madogo, manene kwa membamba. Hakuna kipande kinachofanana na kingine kwa kila kitu. Mwanangu mkubwa, ana miaka 8, alipiga hesabu kabla sijamaliza kusoma maelezo: 5 mara 3 mara 2 mara 2, sitini. Kampuni inajisifu kana kwamba imevibuni yenyewe, lakini vipande vya namna hii vilienezwa mashuleni karne iliyopita na Zoltán Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria. Seti yake ilikuwa na vipande 48, kwa sababu haikuwa na pembesita.

Siku za mwanzo binti yangu wa miaka 5 alijenga nyumba tu. Nikamwacha ajenge. Siku ya nne nikamwambia, "Nimechagua kipande kimoja moyoni. Niulize, mimi nitajibu ndiyo au hapana."

Akaanza kuokota kimoja kimoja. "Ni hiki? Ni hiki? Basi hiki!" Kaka yake alitaka kumwonyesha njia, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Tulicheza hivyo jioni mbili, inachosha kweli. Jioni ya tatu akauliza, "Ni kinene?" Nikasema hapana. Akavisukuma vinene vyote pembeni kwa kiganja, vipande 30 kwa mpigo mmoja, akacheka peke yake.

Akaendelea: "Ni chekundu?" Hapana. Akanyoosha mkono kusukuma tena, ukaishia hewani.

"Mama, uliposema si kinene, nilijua ni chembamba. Sasa umesema si chekundu, mbona bado sijui?"

Sikujibu. Kunyamaza wakati jibu liko kwenye ncha ya ulimi ni kazi, na ningependa kijitabu cha maelekezo kingelisema hilo ukurasa wa kwanza. Binti yangu akapanga chekundu, cha buluu na cha njano mbele yake, akakigeuza chekundu kifudifudi, akavitazama viwili vilivyobaki.

"Kwa sababu rangi ziko tatu. Unene uko miwili."

Mimi nimesoma miaka mingi darasani na sikumbuki kama kuna siku niliwahi kuliangalia neno "si" kwa makini kiasi hicho. Kwa jambo hilo moja boksi limejilipa.

Kijitabu chenyewe sasa. Nusu ya kurasa ni picha za bata na magari moshi ya kuigiza kipande kwa kipande, kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya huku amesinzia. Nusu nyingine ina maswali mazuri, ila jibu limechapwa papo hapo chini ya swali. Mtoto asiyejua kusoma hana hasara; mkubwa akatazama chini mara moja, mchezo ukaisha. Nimekipandisha juu ya kabati. Mchezo mmoja niliouokoa humo ni wa treni: kila behewa litofautiane na la mbele yake kwa jambo moja tu, ama rangi, ama umbo, ama ukubwa, ama unene. Baadaye mnaongeza, yawe mambo mawili. Hapo hata mimi huwa nakosea, na hakuna kitu kinachowafurahisha kama kunikamata.

Kasoro nyingine: tofauti ya unene ni ndogo mno, usiku inabidi upapase. Vile vidogo vinaingia mdomoni bila shida, kwa hiyo kama nyumbani kuna anayetambaa, cheza mezani na uhesabu kabla ya kufunga. Mfuniko ulichanika wiki ya kwanza.

Ni katika kuhesabu ndipo tulipogundua viko 59. Mkubwa akaanza kuvigawa kwa rangi, ishirini ishirini, atafute rangi iliyopungua. Mdogo, ambaye akifika ishirini na kitu hupotea, hakuhesabu kabisa. Alichukua kila chembamba akakipandisha mgongoni kwa kinene chake, akisema mama kambeba mtoto. Sakafu nzima ikajaa akina mama. Mwisho ikabaki pembesita moja nene, ndogo, ya njano, mgongo mtupu. "Huyu mtoto wake hayupo." Kaka yake alikuwa bado kwenye buluu.

Nilimwandikia muuzaji nikamtajia yote manne: pembesita, ndogo, nyembamba, njano. Baada ya wiki mbili ikaja pembesita ndogo nyembamba ya buluu. Tukakata ya njano kwenye kadibodi, na ya buluu tukaitia kwenye boksi hivyohivyo.

Juzi kwenye treni binti yangu akaziweka zile buluu mbili zikifuatana. Nikasema amekosea, hazitofautiani kwa lolote. Akazishika moja huku moja kule, akazipima, akazinusa.

"Moja tuliletewa na boksi," akasema, "moja tuliletewa kwa makosa. Hiyo siyo tofauti?"

Kaka yake anasema haihesabiki. Bado wanabishana.