Uzoefu wangu na ddrescue: folda inayogoma kwenye diski iliyotolewa laptopu mbovu

Ukitoa diski kwenye laptopu iliyokufa bodi na kuichomeka kwa USB kwenye mashine nyingine, mara nyingi Windows huiona vizuri. Folda zinafunguka karibu zote, ila ile unayoihitaji ndiyo inayogoma: Users, kisha jina la mwenye mashine. Linatokea dirisha linalosema huna ruhusa, na chini yake kuna kitufe cha Continue. Nawaomba sana, msikibonyeze. Kitufe hicho kinaandika upya ruhusa za faili zote zilizomo, pengine maelfu, kwenye diski ambayo afya yake bado hujaijua. Diski iliyochoka inaweza kufia hapo hapo.

Ninachotumia badala yake ni vitu viwili: GNU ddrescue, programu ya bure ya Linux inayonakili diski nzima hata ikiwa na sehemu mbovu, na waya wa kuunganisha SATA (tundu la diski) na USB. ddrescue naipa alama zote. Waya ndio unaosumbua, kwa hiyo naanza nao.

Diski ya inchi 2.5, ile ya laptopu, inatumia volti 5 peke yake. Inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1, wakati tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900. Umeme usipotosha utasikia tik, tik, diski inaonekana kisha inapotea, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani imekufa. Kabla ya kuamua hivyo, chomeka tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani, au tumia waya wenye vichwa viwili vya USB. Diski ya inchi 3.5 haitawaka kabisa bila volti 12, hivyo nunua adapta inayokuja na chaja yake. Nimewahi kutumia waya wa bei ya chini uliokuwa ukikata mawasiliano kila ukipata joto katikati ya kunakili. Dawa yake ilikuwa kununua mwingine, hakuna mpangilio wa programu uliosaidia.

Kasi ya tundu nayo uizingatie. Kwa USB 2.0 unapata kama megabaiti 33 kwa sekunde, hivyo diski nzima ya GB 500 inachukua zaidi ya saa 4.

Sasa, kwa nini folda inagoma? Kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows, mwenye faili hatambuliwi kwa jina, anatambuliwa kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo ilizaliwa na Windows ya mashine ya zamani. Hata ukifungua akaunti mpya yenye jina lile lile na paswadi ile ile, wewe bado ni mgeni. Lakini faili zenyewe ziko wazi. Ni Windows tu inayotii orodha ya ruhusa, na dereva ya ntfs-3g ya Linux kwa kawaida haiangalii orodha hiyo.

Kwa hiyo mimi huwasha mashine kwa flashi yenye Linux. SystemRescue inakuja na ddrescue tayari. Kwenye Ubuntu pakiti yake inaitwa gddrescue, ingawa amri inabaki ddrescue. Kwanza tambua diski kwa ukubwa na namba yake, maana ukikosea herufi moja umeharibu:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Kisha pima afya (sdb hapa ni mfano, weka jina la diski yako):

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Angalia mistari yenye namba za ID 5, 197 na 198. Ya 197 ndiyo ninayoiogopa zaidi: ni sekta (vipande vidogo vya diski) ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuamua la kufanya nazo. Ikiwa si sifuri, usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwa hali yoyote. Chkdsk hurekebisha mpangilio wa folda kwa kuandika, na kwenye diski yenye sekta mbovu inaweza kukata majina ya faili ambazo zingeokolewa. Windows ikikuambia ufomati diski kwanza, funga dirisha hilo.

Sehemu ya kuhifadhia nakala iwe kubwa kuliko diski yenyewe. Kwa GB 500 mimi hutumia diski ya TB 1, iliyofomatiwa ext4, NTFS au exFAT, na kuipachika kwenye /mnt/okoa. FAT32 haifai, faili moja haiwezi kuzidi GB 4.

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map

Amri ya kwanza inachota sehemu nzima nzima na kuyaruka maeneo yenye shida. Ya pili inarudi kuyakwangua, kisha inayajaribu tena hadi mara 3. Utaratibu huu ndio sababu naipenda: vilivyo vizima vinatoka kwanza, kabla diski haijachoka zaidi kwa kung'ang'ania sekta mbovu. Na ile faili ya .map inakumbuka kila kilichokwisha somwa. Umeme ukikatika usiku wa manane, asubuhi unarudia amri ile ile nayo inaendelea ilipoishia. Ukiifuta, unaanza upya, basi usiifute.

Baada ya hapo diski ya zamani naichomoa na kuiweka kando. Kazi yote inayofuata hufanyika kwenye nakala, kwa kusoma tu:

sudo losetup -r -P -f --show /mnt/okoa/diski.img
lsblk /dev/loop0
sudo mount -t ntfs-3g -o ro /dev/loop0p3 /mnt/tazama

Namba ya loop na ya patisheni (sehemu ya diski) zitategemea mashine yako. Kwa kawaida chukua patisheni kubwa kuliko zote. Folda iliyokuwa ikigoma sasa inafunguka kama nyingine, na unanakili kwa sudo rsync -rt. Naacha kwa makusudi alama ya kunakili viungo, kwa sababu ndani ya wasifu wa Windows kuna folda bandia kama Application Data zinazojirudia zenyewe bila mwisho.

Kama diski ni nzima na hutaki Linux, fungua dirisha la amri la msimamizi kwenye Windows utumie hii:

robocopy E:\Users\Jina D:\Okoa /E /B /COPY:DAT /XJ /R:1 /W:1

Hiyo /B inasoma kwa haki ya kufanya chelezo, inapita juu ya ruhusa bila kuzibadilisha. Usisahau /R:1, maana bila hiyo robocopy inajaribu faili mbovu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Takeown na icacls, amri za Windows za kubadilisha umiliki na ruhusa, zinafanya kazi, lakini zinaandika, kwa hiyo mimi huzitumia kwenye nakala pekee.

Kuna kufuli za kweli pia. Ikiwa Linux inaona patisheni ila inaitaja BitLocker (usimbaji wa Windows wa patisheni nzima), unahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ukiupata, cryptsetup kuanzia toleo la 2.3.0 inafungua nakala yako. Ikiwa faili moja moja zinakataa hata kwa sudo, huenda zimesimbwa kwa EFS, usimbaji wa Windows wa faili moja moja. Windows za Home hazina EFS, hivyo kwenye mashine za aina hiyo tafuta sababu nyingine. Kwa EFS njia iliyo rahisi ni kuandika nakala kwenye diski nyingine, kuiwasha ndani ya mashine inayofanana na ile, kisha kuingia kwa paswadi ya zamani. Fundi akikuambia ataifuta paswadi kwa programu, mkatalie: paswadi ikifutwa kwa nguvu, ufunguo wa EFS haufunguki tena. Bila paswadi wala ufunguo, hakuna programu ya kununua itakayosaidia.

Faili za OneDrive zinazoonyesha ukubwa lakini hazifunguki, nyingi hazikuwahi kuwa kwenye diski. Zishushe kutoka akaunti yenyewe. Na kama diski umeinunua mtumba ukakuta picha za watu wengine, ifomati bila kuzifungua.

Mwisho wa kunakili, ddrescue ikiwa imebakiza sekta zisizosomeka, ondoa kwanza nakala kwa umount na losetup -d, kisha ukiwa ndani ya /mnt/okoa:

printf "SEKTAMBOVU " > alama.txt
ddrescue --fill-mode=- alama.txt diski.img diski.map

Pachika nakala tena na utafute neno hilo kwa grep -rl. Orodha inayotoka ni ya faili zilizoumia. Picha moja yenye mstari wa kijivu unaweza kuivumilia, lakini faili ya hesabu za duka iliyomo kwenye orodha hiyo usiitumie kabla ya kuikagua mstari kwa mstari.