TAHADHARI: Mawe ya masaji yaliyopakwa rangi, na mashine yake ya volti 110

Ndugu wadau, wauzaji wa seti za mawe ya moto kwa masaji ya nyumbani wameongezeka mitandaoni, na miongoni mwao wamo wanaochukua saruji, mawe ya chokaa au plastiki ngumu, wanapaka rangi nyeusi, wanang'arisha kwa nta, kisha wanaziita basalti, lile jiwe jeusi la volkano la masaji. Hapa hela ndiyo hasara ndogo. Jiwe bandia hulalia mgongo wa mzazi au mke wa mtu likiwa la moto, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Tangazo lao huwa na sura moja. Picha safi ya mawe yanayong'aa juu ya taulo jeupe, na ukiitafuta picha hiyo mtandaoni unaikuta kwenye maduka ya nchi tatu nne. Maelezo yanasema basalti asilia ya Hawaii, vipande 20, pamoja na mashine ya kupashia, inatibu presha, sukari na uvimbe. Ofa inaisha leo usiku. Ukiuliza duka lilipo unaambiwa wao hutuma mikoani tu. Unatakiwa kutuma hela yote na ya kutolea kwenye namba ya mtu binafsi, si lipa namba ya biashara, na jina linalotokea kwenye simu halifanani na la ukurasa. Kesho yake unapigiwa kwamba mzigo umezuiliwa, ongeza ya ushuru. Ukiongeza, umefungiwa.

Hao wanaotoweka wanajulikana. Tunaowahofia zaidi ni wale wanaotuma mzigo kweli.

Basalti haina miujiza. Ni jiwe la volkano, zito, lenye chembechembe ndogo zilizoshikana, na hushika joto kwa sababu ya uzito wake: sentimita moja ya ujazo ina karibu gramu 2.9. Jiwe la kiganja lenye urefu wa sentimita 7, upana wa 6 na unene wa 3 huwa na gramu 180 hadi 200, na hukaa na joto la kufanyia kazi kwa dakika kadhaa kabla ya kulibadilisha. Sasa chukua la plastiki la umbo hilohilo, ambalo ni jepesi karibu nusu. Likitoka majini kwenye nyuzi 52, linapoa kabla hujamaliza upande mmoja wa mgongo. Mchuaji ambaye hajui kaletewa nini hufikiri maji hayajapata moto vya kutosha, anaongeza. Anafika 60, anafika 65. Jiwe bado linapoa haraka, lakini lile gusio la kwanza kwenye ngozi ndilo linalounguza. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5. Ya nyuzi 50 huchukua takriban dakika 5. Ona tofauti ya nyuzi 10 inavyofanya.

La saruji lina matatizo yake. Ndani lina vitundu vinavyonywa maji, na likipashwa na kupozwa mara kadhaa linapasuka au linamung'unyuka, ukingo unakuwa mkali kama msasa. Rangi nayo: maji ya moto na mafuta huitoa, ikaingia kwenye ngozi na kwenye shuka. Hakuna anayejua rangi hiyo ilitengenezewa nini. Huenda ni ya geti.

Kulipima jiwe hakuhitaji maabara. Kabla ya kuligusisha mtu, chukua pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue upande wa chini kwa nguvu kwa nusu dakika. Pamba ikitoka nyeusi, jiwe limepakwa rangi. Mafuta kidogo ya kung'arishia yanaweza kuacha alama ya kahawia hafifu, hiyo si kesi. Weusi ndio kesi.

Kisha kwangua sehemu ndogo kwa ncha ya kisu cha chuma. Chokaa na marumaru huchubuka, zikatoa unga mweupe. Kwenye basalti kisu ndicho kinachoacha mstari wake wa kijivu unaong'aa, kwa sababu jiwe ni gumu kukishinda. Hapo ulipokwangua dondoshea siki ya jikoni. Vikitokea vipovu, hata vidogovidogo, hilo ni jiwe la chokaa, marumaru, tumbawe au saruji. Ni lazima ukwangue kwanza, la sivyo siki itaishia juu ya rangi na utadanganyika.

Kipimo ambacho tapeli hakiwezi ni cha uzito kwa ujazo. Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali, bakuli la maji na uzi. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, litumbukize lizame lote likining'inia, lisiguse chini wala pembeni. Gramu zinazosomeka sasa ndizo mililita za ujazo wa jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 240 likisoma 83 majini, unapata 2.89: uzito wa basalti huo. Likisoma 107 unapata 2.24, na hiyo mara nyingi ni saruji. Likisoma 150 unapata 1.6, hiyo ni plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe. Chokaa na marumaru huweza kufika 2.7, ndiyo maana siki na kisu haviachwi.

Mwisho lipashe peke yake. Litie kwenye sufuria ya maji baridi, pandisha moto taratibu hadi nyuzi 60, liache humo nusu saa. Angalia juu ya maji: utando wa nta, wino, harufu ya rangi au ya plastiki. Usilitie jiwe kwenye maikrowevu, ovena au juu ya mkaa, hata kama muuzaji ameandika kwamba inafaa. Unyevu uliojificha ndani hugeuka mvuke, jiwe likalipuka vipande. Na joto lake halilingani, nje vuguvugu na ndani moto. Na usilitoe kwenye maji ya moto ukalitupa kwenye ya baridi, hata basalti halisi hupata ufa.

Tuje kwenye mashine, maana hapa kuna hatari ya kuchoma nyumba. Seti nyingine zinakuja na vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani, vya volti 110 hadi 120. Umeme wetu Tanzania ni 230, Kenya ni 240. Muuzaji anakupa adapta ya plagi ili miguu iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu za bapa, anasema inatosha. Haitoshi kabisa. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti. Chombo cha kupasha joto cha wati 400 kilichotengenezwa kwa 110, ukikichomeka kwenye 230 kinavuta karibu wati 1,750, zaidi ya mara nne. Waya wake haukutengenezwa kwa mzigo huo. Kipindue usome kibao cha chini: unataka kuona 220–240V na 50Hz. Ukiona 110V au 120V peke yake, kirudishe, au utafute transfoma ya kushusha umeme yenye wati nyingi kuliko za chombo, ambayo kwa kawaida itakugharimu kuliko kutafuta chombo sahihi. Chombo cha chuma chenye waya mbili tu, bila waya wa ardhi, na wewe unatia mkono wenye maji, hicho hata usikijadili.

Vitufe vya LOW na HIGH havikuambii nyuzi. Kuna vyombo ambavyo HIGH yake inakaribia kuchemka, na hata LOW inapita 80 ukikiacha saa mbili. Nunua kipimajoto cha jikoni chenye sindano, weka taulo dogo chini ya chombo, panga mawe, jaza maji yapite juu ya mawe kama sentimita 3, washa, upime baada ya nusu saa, baada ya saa moja, na baada ya mbili. Kinachofaa ni kile kinachotulia kati ya nyuzi 50 na 55. Seti inayouzwa kwa neno "professional" bila kipimajoto imekuuzia jina.

Na mawe yakiwa halisi bado kuna maelekezo mabovu yanayotumwa na seti hizo. Karatasi moja inayozunguka inasema mtu alale juu ya mawe yaliyopangwa kwenye mstari wa uti wa mgongo. Usifanye hivyo. Uzito wa mwili hukandamiza ngozi, damu inayopaswa kuondoa joto haipiti, na mtu anaungua bila kushtuka. Jiwe lililotulia linawekwa juu ya mwili, juu ya taulo lililokunjwa, si kwenye ngozi tupu. Linalogusa ngozi ni lile linalotembea, lenye mafuta, na uwe umelishika kwanza kwenye mkono wako wa ndani, karibu na kiwiko. Usiloweza kulishika wewe, usimpe mwenzako.

Yale madai ya kutibu ndiyo yanayotukera zaidi, kwa sababu yanawaita hasa watu wasiopaswa kuguswa na jiwe la moto. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi hatasikia anapoungua, na kidonda cha mguu kwake ni jambo la kukatwa kidole au mguu. Mwenye damu iliyoganda mguuni hachuliwi kabisa. Mjamzito, mwenye presha isiyodhibitiwa, anayetumia dawa za kuyeyusha damu na mwenye mishipa iliyovimba wamuone daktari kwanza. Aliyepakwa dawa ya kuchua yenye pilipili au mentholi asiwekewe jiwe juu yake; dawa na joto vikikutana ngozi huungua haraka.

Ukitaka kununua, mwombe muuzaji video fupi, si picha: jiwe moja likiwa kwenye mizani, rula pembeni, kisha alisugue kwa asetoni mbele ya kamera na kukionyesha kibao cha umeme cha chombo. Mwenye mzigo mkononi hamalizi dakika tano. Mwenye picha za kuazima ataanza kukwambia humwamini. Kwa nyumbani vipande 16 hadi 20 vinatosha: viwili vikubwa, 10 hadi 12 vya kiganja, vingine vidogo. Lipa ukipokea na ukishakagua. Wanaoishi Arusha na Moshi wanajua mawe meusi laini ya mito inayoshuka Meru na Kilimanjaro. Yasiyo na vitundu na yanayopita vipimo hapo juu yanafanya kazi. Mawe ya pwani mengi ni ya matumbawe, hayafai.

Ukishatapeliwa, usifute mazungumzo. Tanzania, peleka ujumbe na namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uwaarifu pia wa mtandao wako wa simu mapema kabla hela haijatolewa, kisha nenda polisi na muamala ukiwa umechapishwa. Kenya, kwa mteja wa Safaricom, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja kuomba urudishiwe, na ripoti namba kwa 333. Mpokeaji akishatoa hela, kurudishiwa ni vigumu. Mawe na chombo vihifadhi kama vilivyokuja, pamoja na boksi na ile pamba yenye rangi.