Mpini wa mpingo kwenye kisu cha Kijapani: ushike kwanza, usiusifie kwa macho

Wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo hakuna stori ndefu, maana hiki kitu kimenifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Tazameni hapa. Hii gyuto, yaani kisu cha mpishi cha Kijapani, ya sentimita 21 mnaifahamu, chuma chake nimeshakisema mpaka mkachoka, kwa hiyo leo chuma tunakiacha. Leo ni mpini tu. Huu mweusi.

Mpingo mtupu, pembe nane, umepigwa msasa mpaka ukang'aa, juu yake nta ya nyuki basi, hakuna vanishi. Ngoja niulete kwenye taa... mnaona hiyo mishipa ya zambarau? Kivulini huioni ng'o. Kwa sura, jamani, sina la kusema.

Sasa huu ndio kisu kilikuja nao kutoka Japani. Mti wa honoki, umepauka, noleo lake, ile pete ya mbele inayopakana na bapa, ni pembe ya nyati. Ukiuona utasema wamebania pesa. Hapana. Kule Sakai, mkoa wa Osaka, anayefua kisu ni mmoja, anayenoa ni mwingine, na kazi ya mpini inakuja mwisho kabisa. Ukichakaa unang'olewa, unatiwa mpya, maisha yanaendelea. Na honoki hiyohiyo ndiyo wanayochongea ala za panga zao, kwa sababu ni laini na haina utomvu wa kuchokoza chuma.

Haya, nina glasi ya maji hapa. Kipande cha honoki, tumbukiza. Kinaelea. Kipande cha mpingo... chubwi, chini. Umeona? Ndiyo maana wanautengenezea zumari na klarineti, mbao nzito hivyo. Lakini klarineti huikatii kabichi.

Mizani: honoki gramu 36. Mpingo 79. Sasa angalieni kidole changu, na naomba msiruke hapa, ndiyo video yenyewe. Kisu chenye honoki nakiweka juu ya kidole cha shahada. Kinatulia hapa, vidole viwili mbele ya kisigino cha kisu, pale makali yanapoishia karibu na mpini. Maana yake bapa ndilo zito, linataka kushuka lenyewe. Nakata kabichi: nanyanyua, naachia, nanyanyua, naachia. Mkono wangu unaelekeza tu. Sasa chenye mpingo. Kidole palepale... kimeanguka nyuma. Rudisha, rudisha, rudisha... hapa, kisigino chenyewe! Bapa ni lilelile, makali ni yaleyale, lakini sasa kila nikishusha lazima nisukume. Sikieni sauti kwenye kibao. Ya kwanza tak tak tak. Hii tok, tok. Bega linajua tofauti.

Niseme haki lakini. Kwenye kitunguu saumu, kazi ya ncha, huu mzito ni mtamu. Ncha imekuwa nyepesi, naipeleka ninapotaka. Kama wewe kazi yako ni mapambo na vipande vidogo vidogo, unaweza ukanicheka. Mimi nakata kabichi na karoti za familia nzima, ndiyo maana nalalamika.

Umbo lenyewe, hizi pembe nane, hapo sina ugomvi. Nalishika bila kutazama, najua makali yameelekea wapi. Kuna ule mpini wenye ubavu mmoja uliotokeza, umechongwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Sisi wa mashoto unatuchoma kiganja. Na wale wa visu vya Kijerumani vyenye riveti tatu, najua mtakuja kwenye komenti. Njooni. Mpini wenu ukipasuka mnabadilisha vipi?

Kwenye kubadilisha ndipo nilipopata jibu la kwa nini huu wangu ni mzito hivi. Kijadi, msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, unapashwa moto, bapa likiwa limefungwa kitambaa kibichi ili moto usiharibu makali, halafu unasukumwa kwenye tundu. Honoki inaungua kidogo kwa ndani, inaushika msuka barabara. Mpingo hautaki mchezo huo. Ni mgumu, unaweza kupasuka. Kwa hiyo mafundi wengi wanatoboa tundu pana, wanagundisha kijiti cha mbao laini ndani, na msuka unaingia kwenye hicho kijiti. Huu wangu haukufanyiwa hivyo, ni mpingo mpaka ndani, na gundi ya epoksi imejazwa. Aliyeniuzia simtaji, lakini kaka, tundu pana lingeniokolea gramu nyingi!

Na kusema kweli, kadiri ninavyoongea naona mpingo ukae mbele tu, uchukue nafasi ya ile pembe ya nyati. Noleo la mpingo, nyuma honoki au mbao yoyote nyepesi iliyokauka vizuri. Uzito unabaki karibu na bapa, weusi unaupata. Huo ndio nitakaochonga hapa kwenye chaneli, kipaza sauti kipya kikifika, maana mmenilalamikia mwangwi mpaka basi. Ukitaka kujaribu nyumbani, vaa barakoa. Vumbi la mpingo linawasha pua na ngozi vibaya sana.

Bei: huu nimelipa shilingi 60,000. Kwa uzuri, ni halali. Kwa kazi ya jikoni, 60,000 ningenunulia jiwe la kunolea. Na ndugu zetu wa Muscat na London mnaoniomba niwatumie magogo: jamii karibu yote ya mpingo, Dalbergia, iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, magogo na mbao zinataka kibali. Msinipeleke polisi.

Kwa hiyo, wa kwangu nauhamishia kwenye kile kisu kidogo cha matunda, gyuto inarudishiwa honoki yake jioni hii. Kama una mpini wa mti mwingine, mninga, mkuruti, chochote, andika hapo chini na uzito wake. Uzito, nimesema. Picha ninazo za kutosha.