Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow hadi katikati ya London: Heathrow Express au Piccadilly?
Heathrow Express, treni ya haraka ya uwanja wa ndege, inakufikisha stesheni ya Paddington kwa dakika 15 ukipandia Terminali 2 na 3, na mizigo ina nafasi yake. Lakini nauli ni zaidi ya mara tatu ya Piccadilly, njia ya treni za chini ya ardhi, na ukishuka Paddington huenda bado ukahitaji treni nyingine au teksi.

Piccadilly ni ya polepole, karibu saa nzima, na jioni utasimama umekumbatia begi. Ila inapita Earl's Court, Leicester Square na King's Cross, na watoto walio chini ya miaka 11 hupanda bure wakiwa na mtu mzima. Gusisha kadi ya benki kwenye mashine ya getini ukiingia na ukitoka, kila anayelipa na yake. Usipogusisha ukitoka, unakatwa nauli ya juu. Mimi ningepanda Piccadilly, isipokuwa niwe na masanduku matatu.