Fomu 106C ya mahakama za Marekani: nzuri, ila haikuchagulii sheria

Anayeomba kufilisika nchini Marekani kwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ambapo mali isiyo na kinga yaweza kuuzwa kulipa wadai, hujaza fomu nyingi, lakini inayokinga mali ni moja: Fomu 106C, maarufu kama Jedwali C. Ni ya bure kwenye tovuti ya mahakama za shirikisho, tena fupi. Kasoro yake kubwa ni kwamba haisemi sheria ipi inakufaa, na hapo ndipo watu hupoteza vitu ambavyo wangebaki navyo.

Swali la kwanza tu ni mtego: utatumia kinga za sheria ya jimbo au za sheria ya shirikisho? Texas na Minnesota zinakuruhusu kuchagua, Ohio hairuhusu. Aliyehama jimbo ndani ya siku 730 kabla ya kufungua ombi hupimwa kwa jimbo alikoishi muda mrefu zaidi katika siku 180 zilizotangulia kipindi hicho.

Kwa kinga za shirikisho, viwango vya tangu Aprili 2025 ni dola 5,025 kwa gari, 3,175 kwa zana za kazi, na 800 kwa kila chombo cha nyumbani, jumla isizidi 16,850. Mpangaji ananufaika zaidi na kinga huria, inayotumika kwa mali yoyote: dola 1,675, pamoja na hadi 15,800 za kinga ya nyumba asizotumia. Gari la dola 9,000 lisilodaiwa huandikwa 5,025 kwa kifungu cha magari na 3,975 kwa kinga huria. Likiwa na mkopo, toa deni kwanza: la 11,000 linalodaiwa 8,000 linahitaji kinga ya 3,000 tu. Lakini kinga haiondoi dhamana ya mkopo. Usipolipa, mkopeshaji atalichukua.

Safu ya kiasi inahitaji uangalifu kuliko zote. Katika kesi ya Schwab na Reilly, mwaka 2010, mdaiwa aliweka kinga ya dola 10,718 kwa vifaa vyake vya upishi, kumbe huenda vilifikia 17,200. Mahakama ya Juu ilisema kilicholindwa ni kiasi kile, si vifaa vyenyewe. Fomu ya sasa ina kisanduku cha asilimia 100 ya bei ya soko, hadi kikomo cha sheria; kitumie pale ambapo thamani ina utata.

Kila mstari lazima utokane na Jedwali A/B, fomu ya kuorodhesha mali zako, na humo huingia mali yote, popote duniani. Kiwanja cha Moshi na zamu ya upatu usiyopokea vimo. Ukificha, unaweza kunyimwa msamaha wa madeni yote, hata kushtakiwa kwa jinai.

Msimamizi wa mali katika kesi yako na wadai wana siku 30 baada ya kikao cha wadai kumalizika kupinga kinga zako. Ukigundua kosa, rekebisha fomu kabla kesi haijafungwa. Kwa kinga ulizobadilisha, nao wanapata siku 30 nyingine.