Uzoefu wangu na chumba cha nyaraka cha chuo kimoja hapa Moshi

Kamati yetu ya wahitimu ilipoamua kutoa kijitabu cha historia ya chuo, kazi ya kutafuta picha na mihtasari ya zamani iliniangukia mimi. Chuo chenyewe sitakitaja, maana nina malalamiko mawili matatu na sitaki yageuke ugomvi. Kiko hapa hapa Moshi, na chumba chake cha nyaraka kinampokea yeyote mwenye shida ya kweli, awe amesoma pale au hakusoma.

Kuingia si kazi. Unapeleka barua ya utambulisho, ya mwajiri au ya serikali ya mtaa, unaonyesha kitambulisho cha NIDA, unasaini daftari. Begi linabaki kabatini pamoja na peni. Ndani unaandika kwa penseli tu, kwa sababu wino ukidondokea karatasi ya 1974 hakuna wa kuufuta. Unanawa mikono na kuikausha vizuri. Glovu wanakupa ukishika picha na negativu. Kwenye karatasi hawazitaki, kwani kidole kilichovaa glovu hakisikii ukingo wa ukurasa na ni rahisi kuuchana. Kupiga picha kwa simu unaruhusiwa, bila flashi.

Kilichonishika zaidi ni namna wanavyofanya kazi. Siku moja nilimkuta mhifadhi na faili la mihtasari ya serikali ya wanafunzi lililokuwa limekaa stoo miaka mingi, pini za stepla zimeota kutu hadi zimegandana na karatasi. Katika ofisi nyingi pini hizo zingeng'olewa kwa nguvu na ukurasa ungetoboka. Yeye alichukua kipande chembamba cha plastiki, akakipitisha chini ya miguu ya pini upande wa nyuma, akainua mguu mmoja, kisha wa pili, halafu akageuza karatasi na kuitoa pini taratibu upande wa mbele. Plastiki ndiyo iliyobeba msuguano wote. Vilibaki vidoa viwili tu vya kahawia. Kurasa akazirudisha kwa mpangilio ule ule aliozikuta nao, ingawa tarehe zilikuwa zimepishana.

Nikamuuliza, "Dada, mbona huzipangi kwa tarehe?"

"Kaka, aliyezipanga hivi alikuwa na sababu yake. Nikizipanga kwa akili yangu mimi, nimeifuta."

Na kweli, nilipozisoma niliona muhtasari wa Machi umekaa nyuma ya barua ya Juni kwa sababu barua hiyo ndiyo iliyokuwa ikiujibu. Ningezikuta zimetenganishwa nisingejua kabisa kwamba hoja ya wanafunzi ilijibiwa.

Stoo yao iko vizuri. Masika ya Moshi tunayajua, nguo zenyewe hazikauki, sembuse karatasi. Mafaili yamo kwenye maboksi yasiyo na asidi, rafu ni za chuma na zimeachana na ukuta na sakafu ili hewa ipite na mchwa wasipate njia. Niliuliza habari ya moto pia. Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua, na Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka Table Mountain uliteketeza ukumbi wa kusomea wa Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ukala sehemu kubwa ya hazina ya vitabu na nyaraka za Afrika. Niliambiwa kwamba walichokwisha kuskani kina nakala tatu, na mojawapo inakaa nje ya mji. Faili kuu la TIFF, yaani picha ya skani yenye ubora kamili, haliguswi. Mtumiaji anapewa kopi nyepesi. Jibu hilo liliniridhisha.

Sasa malalamiko. Orodha ya nyaraka imeandikwa kwa Kiingereza na kwa ufupi wa kutisha. Ripoti za mafunzo kwa vitendo, zile ambazo wanafunzi waliandika baada ya kukaa vijijini, zimeorodheshwa kwa mwaka na namba tu. Ndani yake kuna bei za kahawa, majina ya mifereji, migogoro ya vyama vya msingi, mambo ambayo kijiji chenyewe hakina pa kuyapata. Mkoa huu ndio wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanza 1933, na hapa ndipo Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa 1963 kabla hakijawa chuo kikuu kamili 2014. Mtu wa Uru anayetaka kujua chama chake kilifikaje hapa kilipo atahitaji ripoti kama hizi, lakini hawezi kuiomba ripoti asiyojua kwamba ipo. Hata kutafuta kwenye kompyuta kuna mtego: nilipoandika Kibong'oto sikupata kitu, nikaondoa alama ya king'ong'o, nikaandika Kibongoto, na mafaili yakajitokeza.

La pili linaniuma zaidi. Vilivyoskaniwa vinasomeka kwenye kompyuta moja tu, ndani ya jengo. Ukiwa Mwanza au Mtwara, imekula kwako. Sababu waliyonipa ni siri za watu, na hapo nawaelewa nusu. Matokeo ya mitihani na kesi za nidhamu lazima vifungwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na iheshimiwe. Ila ratiba ya mahafali, gazeti la wanafunzi, picha ya timu ya mpira, vinamdhuru nani? Mhitimu aliyeko Mtwara ana haki navyo sawa na mimi ninayekaa Majengo.

Jambo moja ningeomba vyuo vyote viige. Mara kwa mara wanawaalika wazee waliofanya kazi chuoni waje kutaja watu kwenye picha. Siku moja ya namna hiyo nilikaa na babu mmoja wa Kibosho aliyekuwa dereva wa chuo. Shikamoo, marahaba, chai, kisha akawekewa picha ya miaka ya sabini iliyoandikwa "Mkuu wa chuo na wageni". Alivaa miwani, akaisogeza dirishani.

"Huyu si mgeni," akasema, akionyesha mama mwenye kitambaa cheupe pembeni kabisa. "Huyu ni mpishi mkuu. Wanafunzi walipogoma kwa ajili ya chakula, yeye ndiye aliyetoka kuzungumza nao, si mkuu wa chuo."

Mhifadhi aliandika jina la yule mama kwa penseli juu ya bahasha ya picha, akaandika pia nani kalitaja na tarehe gani. Baadaye tulitoa faili la mgomo ule, na humo mpishi hatajwi hata mara moja. Kumbukumbu za maandishi ziliandikwa na wakubwa kuhusu wakubwa. Babu akiondoka, na wenzake wakiondoka, mpishi anabaki "mgeni" milele. Kwa hiyo kuskani kunaweza kusubiri bajeti ya mwakani, kutaja majina hakuwezi.

Nilifurahi pia kwamba faili la mgomo halikufichwa. Historia ya chuo siyo mahafali peke yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga utaratibu wa kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukiifuta habari hiyo kwa kuwa haipendezi, humwelewi Mwalimu wala Azimio la Arusha lililofuata miezi michache baadaye.

Kwa ujumla, kwa anayeweza kufika mwenyewe, hii ni huduma bora kuliko nyingi nilizowahi kutumia, na wahudumu wanaipenda kazi yao. Kwa aliye mbali, bado sana. Nenda asubuhi, kwa sababu mchana wanafunga kwa chakula na mafaili hayatolewi tena jioni. Piga simu siku moja kabla, utaje unachotafuta, watakutolea boksi mapema. Kopi ni shilingi 500 kwa ukurasa, kwa hiyo piga picha kwa simu yako. Na kama nyumbani mna picha za chuo kwenye albamu, msiandike majina kwa peni nyuma. Zipelekeni pamoja na mzee anayewajua waliomo; wanaziskani mkiwa mmekaa hapo hapo na mnaondoka nazo.