Sevisi imekufa, dashibodi kijani: uzoefu wangu na kampuni ya kuangalia seva

"Inactive" (haifanyi kazi) si "active" (inafanya kazi). Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Mwanza tunawalipa kila mwezi watuangalizie seva, na hilo hawalijui. Walipoambiwa, hawakutaka kusikia.

Seva inaendesha mfumo wa mauzo wa ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Juzi kati umeme ulikatika usiku, UPS (betri ya akiba) ikaisha chaji, seva ikazima. Hapo niwape haki yao, dakika chache tu SMS ikaingia: seva haipatikani. Umeme uliporudi ikaja ya pili: seva imerudi, sevisi zote (programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia) ziko hewani. Uongo mtupu! Alfajiri malori yamepanga foleni, magunia yako kwenye mizani, risiti haitoki hata moja, na dashibodi yao kijani kutoka juu mpaka chini.

Kwenye seva yenyewe, systemctl status (systemctl ni amri ya Linux ya kuwasha, kuzima na kukagua sevisi) ilisema wazi: inactive (dead). Fundi aliyefunga mfumo aliiwasha sevisi kwa systemctl start, hakuweka enable, yaani iwake yenyewe kila seva inapowaka. Kwa hiyo ilifanya kazi mpaka siku seva ilipozimika, na seva ilipowaka yenyewe haikuwa na amri ya kuwaka nayo. Kosa la kila siku hilo, dawa yake ni systemctl enable --now na jina la sevisi, basi. Silo ninalowalaumu. Ninalowalaumu ni kutoliona.

Skripti yao imekaa kwenye seva yetu na inasomeka. Inachukua jibu la systemctl is-active, inalipitisha kwenye grep active (amri inayotafuta herufi hizo ndani ya jibu), ikipata kitu inatuma kijani. Jaribu mwenyewe: echo inactive | grep active. Inakubali! Neno "active" limo ndani ya "inactive", herufi kwa herufi. Yaani sevisi iliyozimwa bila kuanguka, au ambayo haikuwashwa kabisa, kwao ni nzima daima. Wanashtuka ikifika "failed" (imeanguka) tu. Na sevisi ambayo haikuwashwa haiwi failed, kwa hiyo orodha ya systemctl --failed haitaitaja, mpangilio wa OnFailure= (fanya jambo ikianguka) hautafyatuka, wa Restart=on-failure (iwashe tena ikianguka) hautainyanyua. Njia zote hizo zinasubiri ianguke kwanza. Kilichotakiwa ni is-active --quiet, kisha kuangalia namba inayorudi: 0 ni nzima, nyingine yoyote piga king'ora. Mstari mmoja!

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja: "Bosi, huku kwetu inasoma kijani. Hebu cheki nyaya zako." Nikamsomea mstari wa skripti, neno kwa neno. "Bosi, wateja wote wako sawa, unalalamika wewe tu." Simu ikakatwa. Hata jina la sevisi hakuuliza. Kazi yake ni kuangalia seva za watu, halafu anaamini rangi ya kioo chake kuliko mtu aliyekaa mbele ya seva.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba pamoja na hayo wanafaa. Bei yao inabebeka, SMS zao hazichelewi, na tahadhari yao ya diski ilishatusaidia kabla logi (kumbukumbu za mfumo) hazijajaza folda ya /var. Nyota tatu nilikuwa nawapa. Kisha nikaangalia wanavyopima hifadhidata. Wanapima sevisi ya postgresql, programu ya hifadhidata. Kwenye Ubuntu, aina ya Linux tunayotumia, hiyo ni ganda tu, inaonesha active (exited) hata kama hifadhidata yenyewe imeanguka. Ya kweli kwenye seva yetu inaitwa postgresql@14-main, na hawajawahi kuigusa. Miezi yote hiyo tunalipia ganda! Nyota tatu nazifuta.

Sasa nina taima yangu ya systemd (mfumo wa Linux unaosimamia sevisi), inakagua kila dakika 2. Inapima is-active kwa namba, is-enabled ili kosa la fundi lisirudi, na systemctl show -p NRestarts (mara ngapi imewashwa upya), kwa sababu sevisi yenye Restart=always na RestartSec=5 (iwashwe upya kila inapokufa, baada ya sekunde 5) inaweza kuanguka na kuamka usiku kucha bila kufika failed: kikomo cha kawaida kabla ya kuhesabiwa failed ni kuwaka mara 5 ndani ya sekunde 10, na kwa mwendo huo haikifikii. Mwisho curl -fsS -m 5 (amri inayougonga mfumo na kusubiri jibu kwa sekunde 5) kwenye poti ya mfumo wenyewe, maana sevisi inaweza kuwa active (running) na bado imeganda.

Kama nawe unalipia huduma ya namna hii, chagua saa isiyo na wateja, zima sevisi moja kwa systemctl stop, usubiri SMS. Mimi ya majaribio nimeizima tangu asubuhi. Sasa ni jioni, na kwao bado ni kijani.